Sura ya Tano: Dua ya Mtu Aliyeelemewa

Aghalabu mtu aliyefikwa na dhiki, akenda kwa nduguze katika imani kutafuta maliwazo, huambiwa neno moja hata kabla hajamaliza kueleza yaliyomsibu, nalo ni kwamba aombe. Na asemaye hivyo husema kwa nia njema, walakini husahau kwamba kwa mtu ambaye moyo wake umeelemewa kwelikweli, ambaye usingizi umemhama na chakula hakimpiti kooni, hilo la kuomba ndilo gumu kuliko yote. Ulimi humganda. Akipiga magoti hapati la kusema, na akilipata huona haya kulitamka mbele za Mungu, kwa kuwa alifundishwa tangu utoto wake kwamba sala huanza kwa sifa na shukurani, ilhali kifuani mwake hamna shukurani hata chembe, mna malalamiko matupu. Basi huinuka na mizigo miwili, ule aliokuja nao, na huu mpya wa kujiona kwamba hana imani.

Sura hii nimemkusudia mtu huyo. Rai yangu ni kwamba Kanisa, tangu mwanzo wake, halikumtaka mwenye jitimai aje mbele za Mungu na moyo uliokwisha kutulia. Limemrithisha maneno ya kulalamikia, likamfundisha kwamba lalamiko lililoelekezwa kwa Mungu ni sala timamu, wala si dhambi ya kutubiwa kabla sala haijaanza. Wahenga walikwisha kunena kwamba mficha maradhi kilio humfichua, na sijui ni kwa nini sisi tunaoyajua maneno hayo mbele ya mganga na mbele ya jamaa, tunayasahau tunaposimama mbele ya Yeye ambaye hafichwi kitu.

Kitabu cha Zaburi kina nyimbo 150, na takriban theluthi yake ni nyimbo za watu waliodhikika: huyu anaugua, yule amesingiziwa, mwingine amegeukwa na rafiki waliyekuwa wakila naye sinia moja, na wamo wanaomhoji Mungu bila ya kupindisha maneno, wakimtaka aseme ni mpaka lini. Nyingi katika hizo, baada ya kilio, hugeuka mwishoni zikaingia katika matumaini. Ile ya 88, ambayo anwani yake yamtaja Hemani Mwezrahi, haigeuki kabisa. Huanza kwa kilio cha usiku na mchana ikaishia gizani. Wazee waliozikusanya Zaburi wangaliweza kuiacha nje, au kuitilia aya mbili za faraja ili wasikilizaji wasifadhaike, nao hawakufanya hivyo. Wala Kanisa halikuificha: katika mpango wa Kitabu cha Sala cha Waanglikana, ambao huzigawanya Zaburi zote katika siku 30 za mwezi, Zaburi hiyo huangukia asubuhi ya tarehe 17, na katika Kanisa Katoliki husaliwa Ijumaa usiku, katika sala ya mwisho kabla ya kulala.

Msomaji na atazame taratibu hiyo inafanya nini. Asubuhi ya tarehe 17, bwana harusi aliyeamka na furaha yake, mfanyabiashara aliyefunga hesabu kwa faida, na mama ambaye mwanawe amefaulu mtihani, wote hutamka kwa vinywa vyao maneno ya mtu aliye shimoni, wakimwazima sauti zao yule ambaye asubuhi hiyo hana sauti; na zamu itakapowageukia wao, kama inavyomgeukia kila aliyezaliwa na mwanamke, watakuta ndimi zao zimekwisha kuyazoea maneno hayo. Mimi huwahurumia watu wa makanisa ya siku hizi ambao hawaimbi ila nyimbo za ushindi, kwani siku wanaposhindwa hawana wimbo.

Tena Maandiko hayatuonyeshi maneno tu, yatuonyesha na watu. Hana, mke wa Elkana, alikwenda Shilo akiwa na uchungu wa utasa na wa maneno ya mke mwenzake, akasimama akaomba, na midomo yake ikacheza pasipo sauti kusikika. Kuhani Eli, aliyekuwa ameketi penye mwimo wa mlango, akamdhania kuwa amelewa, akamkemea. Ni ibra kubwa hii kwetu sisi tunaoketi milangoni pa makanisa, kwamba mtumishi wa madhabahu alimwona mwanamke akimimina roho yake mbele za Bwana akamchukulia kuwa mlevi. Ila tumpe Eli haki yake, alipoelezwa alisikia, akamwombea heri. Na neno ambalo wahubiri wengi hulipita mbio ni hili, kwamba Hana aliondoka pale akala chakula, na uso wake haukukunjamana tena, na wakati huo bado hajachukua mimba, wala hajui kama atachukua. Alikuwa amesema. Alikuwa amesikilizwa. Samweli alikuja baadaye.

Eliya naye, yule yule aliyewashinda manabii wa Baali mlimani Karmeli mbele ya taifa zima, alipopokea ujumbe wa Yezebeli wa kumtishia uhai wake alikimbia hata Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mretemu, akamwomba Mungu amwondolee roho yake. Sala hiyo, ya nabii mkubwa, ni ya kutaka kufa. Kama angaliisema katika mikutano yetu ya maombi, sina shaka wangalikuwapo watu wa kumwekea mikono na kumkemea pepo wa mauti. Malaika aliyetumwa kwake hakumkemea wala hakumfanyia hotuba. Alimwacha alale, akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji, Eliya akala akanywa, akalala tena, na malaika akaja mara ya pili akamwambia ale, kwa kuwa safari iliyo mbele ni kubwa kuliko nguvu zake. Baada ya usingizi na chakula mara mbili ndipo alipokwenda siku arobaini mpaka Horebu, na huko Horebu ndiko alikoulizwa swali.

Ninalitilia mkazo jambo hili kwa sababu wamezuka wahubiri ambao humwambia mgonjwa wa sonona kwamba akimwamini Bwana barabara atazitupa dawa zake, na ambao humwuzia mwenye dhiki chupa ya mafuta au ya maji kwa fedha aliyokuwa ameiweka kwa karo ya wanawe, wakiita hiyo kupanda mbegu. Mkate wa malaika ulikuwa mkate, na maji yake yalikuwa maji, wala hayakuuzwa. Kwa hiyo mtu ambaye huzuni imemkalia wiki baada ya wiki, hata hawezi kazi, hata amekuwa akiwaza kujidhuru, aende kwa daktari kama anavyokwenda mwenye homa, amwambie na jamaa yake mmoja amwaminiye, tena asichelewe. Na kwenda huko hakumpunguzii Mungu utukufu wake, maana kama mkono wa malaika ulioka mkate, mkono wa tabibu waweza kuandika dawa.

Lakini kiini cha sala ya Mkristo katika dhiki kimo Gethsemane, na hapo ndipo yatupasa tukae kidogo. Bwana wetu aliwachukua watatu katika wanafunzi wake, akawaambia waziwazi kwamba roho yake ina huzuni kiasi cha kufa, akawaomba wakeshe pamoja naye. Hakuona haya kuwaambia. Nao wakalala. Akaenda mbele kidogo akaanguka kifulifuli akaomba kikombe kimwepuke, akarudi, akaenda tena, akarudi, akaenda mara ya tatu, na Mathayo asema kwamba mara hiyo ya tatu aliomba kwa maneno yale yale. Wale wanaohuzunika kwa kuwa sala zao zimekuwa za kurudiarudia neno moja, hawana ufasaha kama wa mzee fulani wa kanisa ambaye akianza kuomba hupanda na kushuka kama mashua ya matanga, na wapate raha hapa: Mwana wa Mungu, usiku ule, alirudia neno moja.

Na kikombe hakikuepushwa. Jambo hili halina budi kusemwa wazi, maana imani inayouzwa kwa ahadi kwamba kila aombaye hupata alichotaja humtupa mtu njiani siku ya kwanza asipokipata. Luka asema malaika alimtokea akamtia nguvu, na nguvu hiyo ilikuwa ya kwenda kuyakabili mateso, si ya kuyakimbia. Paulo kadhalika aliomba mara tatu mwiba uondoke mwilini mwake, nao ukabaki palepale, akapewa neema ya kuishi nao.

Sasa nitaje mfano ulio karibu nasi kwa mahali na kwa lugha. Johann Ludwig Krapf, mzaliwa wa kijiji cha Derendingen karibu na mji wa Tübingen katika Ujerumani, aliyetumwa na chama cha kimisheni cha CMS cha Uingereza, aliwasili Unguja mwezi wa Januari 1844 baada ya kufungiwa milango ya Uhabeshi, akapokewa vizuri na Seyyid Said, ambaye alimpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Na mwezi wa Mei akahamia Mombasa pamoja na mkewe Rosine. Hawakuwa wageni wa masaibu watu hawa. Kabla ya hapo, walipokuwa wakijaribu kuingia Uhabeshi kwa njia ya Massawa, Rosine alijifungua safarini kabla ya wakati, mtoto akaishi kitambo tu, nao wakamzika chini ya mti kando ya njia wakaendelea na safari.

Mombasa mambo yalianza kwa matumaini. Tarehe 8 Juni, Krapf alianza kuifasiri Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na Sheikh Ali bin Mohiddin, kadhi wa mji; na tungeweza kutua hapa tukamsifu kadhi huyo kwa ukarimu wake wa elimu, kwani si jambo dogo kwa mwanachuoni wa Kiislamu kumfungulia mgeni wa dini nyingine hazina ya lugha yake. Ikaja Julai, ikaja na homa. Rosine alijifungua mtoto wa kike tarehe 6, na homa ikamshika yeye, ikamshika na mumewe, hata wakawa wagonjwa wawili katika nyumba moja. Alipojua kwamba hataamka, Rosine aliwaombea jamaa zake, akaiombea misheni na nchi hizi za Afrika Mashariki, akamwombea na Seyyid Said. Akausia azikwe bara, ng'ambo ya kisiwa, ambako wapitao wataliona kaburi lake na kuulizana limeletwa na nini. Alifariki tarehe 13. Krapf mwenyewe alikuwa na homa kali kiasi kwamba aliweza tu kujiinua kitandani kwa dakika chache, ayakinishe kwa macho yake kwamba mkewe amekufa kweli, kisha akarudi kulala. Rosine akazikwa bara kama alivyousia. Siku chache baadaye mtoto naye akamfuata mamaye, na kwa ajili ya joto la nchi maziko hayakuweza kungojea. Baba, akiwa bado mgonjwa, akampeleka kaburini kwa mama.

Wahubiri huipenda barua ambayo Krapf aliwaandikia wakubwa wake London baada ya misiba hiyo, akiwaambia kwamba sasa liko kaburi la misheni katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba hiyo ni ishara kuwa vita vimeanza na saa ya kuiingia Afrika kutoka mashariki imekaribia. Ni barua ya kishujaa, sikatai. Walakini mimi huingiwa na wasiwasi niisikiapo ikisomwa kwa wafiwa, kana kwamba kila mjane apaswa siku ya tatu awe amekwisha kuipata hekima ya msiba wake na kuitangaza. Kabla ya barua palikuwa na kitanda, na juu ya kitanda palikuwa na mtu asiyeweza hata kukaa macho na maiti ya mkewe. Mungu aliyeipokea barua ile aliyapokea na masaa yale ya homa ambayo hayakuandikwa na mtu, na sioni ni kwa nini tuyahesabu masaa hayo kuwa na imani pungufu.

Na baada ya barua? Alirudi kwenye maneno. Akaendelea kukusanya msamiati wa Kimvita, kuandika sarufi na kufasiri, peke yake, kwa muda wa karibu miaka miwili, mpaka Johannes Rebmann alipowasili mwezi wa Juni 1846. Na mwezi wa Agosti wawili hao wakapanda kwenda kuanzisha makao Rabai, wote wawili wakiwa na homa siku ya kuhamia. Kwa macho ya kidunia mavuno yao yalikuwa haba mno, na waliobatizwa miaka ile walihesabika kwa vidole. Rebmann alidumu hapo mpaka 1875, akampoteza mkewe, akaipoteza na nuru ya macho, akarejea Ujerumani kipofu, akafa mwaka uliofuata. Krapf alifariki huko Korntal mwezi wa Novemba 1881, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikachapishwa mwaka 1882, ambayo hata leo mtafiti wa lugha yetu hawezi kuipuuza. Nionavyo mimi, sala haikumpa Krapf jibu la swali la Julai 1844. Ilimwezesha kurudi mezani, kushika kalamu, na kumwuliza jirani neno hili huitwaje.

Nao wanaoimba makaburini ule wimbo ujulikanao sana juu ya Yesu aliye rafiki, ambao hauachi kuimbwa mahali popote penye Wakristo wa Kiswahili, aghalabu hawajui kwamba mtungaji wake, Joseph Scriven wa Ireland, alifiwa na mchumba wake kwa maji usiku wa kuamkia harusi, akahamia Kanada, na mwaka 1855 akayaandika mashairi hayo kwa ajili ya mamaye aliyekuwa akiugua mbali ng'ambo ya bahari. Hakuyaandika ili yachapishwe. Alikuwa akimliwaza mtu mmoja.

Ikiwa msomaji ataka kujua afanye nini jioni ya leo, nitamwambia machache niliyoyaona yakifaa, bila ya kudai kwamba ni dawa ya kila mtu. Asijitwishe taklifu ya sala ndefu. Kuliita jina la Bwana na kuomba rehema kwa kadiri ya pumzi moja kwatosha, na Wakristo wa kale jangwani mwa Misri waliishi kwa sala fupi za namna hiyo, wakizirusha kwenda juu katikati ya kazi za mikono. Asingoje mpaka moyo upende. Akishindwa kuomba kwa maneno yake, aombe kwa ya wengine, kwa Zaburi, kwa litania, kwa rozari ikiwa ni Mkatoliki, na asione kwamba maneno ya kuazima ni ya unafiki, maana aliyevunjika mguu haoni haya kwa fimbo. Akishindwa na hayo pia, aende mahali wengine wanaposali, akae.

Namjua mama mmoja mjane, mwuza vitumbua, ambaye kwa miezi mingi baada ya kumzika mumewe alikuwa akija katika sala ya asubuhi akakaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, kanga ameivuta mpaka usoni, mikono yake ikinukia iliki na mafuta ya kukaangia, asiimbe wala asiitikie. Mzee wa kanisa mmoja, mtu mkali wa taratibu, alimfuata nje siku moja.

"Mama, mbona twasali nawe wala huitikii?"

"Shikamoo, baba," akasema yule mama. "Mimi nimekuja mniitikie ninyi. Nikipata nafasi ya moyo nitawaitikia nami."

Mzee akaitika marahaba, akarudi ndani, na tangu siku ile hakumwuliza tena. Sidhani kama katika seminari yoyote ya theolojia fundisho juu ya ushirika wa watakatifu lingeweza kuelezwa kwa maneno machache kuliko hayo.

Wale wanaokwenda kuwazuru waliodhikika, iwe ni jumuiya ndogo ndogo, au ushirika, au jirani tu, na waende na kitu cha kula, wafagie ua, wateke maji, wawachukue watoto wacheze kwao mpaka jioni. Rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila ya kumwambia neno, na hizo ndizo siku walizomfaa. Mashaka yake yalizidi walipofungua vinywa. Mwenye kutaka kusali na mgonjwa asali kwa ufupi, amshike mkono, asimwulize dhambi zake, wala asimweleze makusudi ya Mungu ambayo yeye mwenyewe hakuambiwa.

Ama kuhusu Zaburi za kuanzia, mimi humwelekeza mtu kwenye ya 42, na ya 77, na ya 130, na ya 142, na hiyo ya 88 akiwa na nguvu ya kuivumilia. Azisome kwa sauti hata kama yuko peke yake chumbani, apumzike penye kituo, asiruke aya inayomtisha. Na aliyechoka sana hata hizo zikamwia ndefu, aanze na ya 13, ambayo ina aya sita tu.